Funguo zimefungiwa kwenye buti la Benzi W123, naombeni msaada kabla halijakatwa

MrithiWa240D:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa haraka kwa anayezijua hizi Mercedes za zamani. Gari ni W123, 240D ya mwaka 1982, la marehemu baba, na mpaka leo lina rangi yake ya kiwandani, halijawahi kupigwa nyundo wala kupakwa fila. Jumamosi dada anaolewa na mzee alishasema tangu tukiwa wadogo kwamba bintiye atatoka nyumbani kwa gari hili, kwa hiyo familia nzima macho yako hapo. Sasa leo mchana vijana walikuwa wanapakia vitambaa na mapambo kwenye buti, mkoba wa mama ukawekwa humo humo na funguo kubwa zimo ndani ya mkoba, buti likafungwa. Halifunguki tena.

Milango iko wazi na gari linawaka, maana kuna ufunguo wa pili ambao unafungua milango na unawasha, ila kwenye buti na kwenye droo ya dashibodi haugeuki kabisa. Senta loki, yaani ule mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, tuliikuta inafanya kazi vizuri enzi za mzee, siku hizi ukifunga mlango wa dereva mwingine unajifunga mwingine haujifungi, tumezoea kufunga kwa mkono na buti tunafungua kwa ufunguo tu.

Fundi wa hapa Moshi amekuja kuangalia kasema kuna njia mbili, ama tuingize mtaimbo pale chini ya mfuniko tulinyanyue, ama tung'oe siti ya nyuma akate bati kwa grinda apite mkono. Roho inakataa zote mbili. Kuna aliyewahi kukutana na hii kitu akafungua bila kuliumiza gari?

Kijana_wa_Ilala:
Pole sana mkuu. Mimi ningeenda na hiyo ya siti ya nyuma, tena wala huhitaji grinda. Corolla ya zamani ya shangazi yangu ilitufanyia hivyo hivyo, tulitoa siti, nyuma yake kuna karatasi ngumu tu na vyuma vya kukazia bodi, tukapitisha fimbo yenye ndoano tukavuta funguo, nusu saa kazi imeisha. Sedani nyingi za Kijapani za zamani ziko hivyo. Jaribu kutoa siti kwanza uangalie.

FundiDizeli_Tanga:
Mkuu naomba usome hii kabla fundi hajarudi kesho. USIRUHUSU GRINDA NYUMA YA HIYO SITI. Narudia, usiruhusu. Ndugu yangu wa Ilala amesema kweli kuhusu Corolla lakini W123 sedani sio Corolla, Mjerumani aliweka tenki la mafuta hapo hapo, limesimama kati ya mgongo wa siti ya nyuma na buti, juu ya eksili. Alifanya hivyo kwa usalama, ukigongwa nyuma tenki liko mbali na bampa. Sasa wewe ukipita na grinda unakata bati huku cheche zinaruka juu ya tenki la mafuta, na hata kama ni dizeli na haishiki moto kirahisi kama petroli, hutaki cheche hapo na hutaki tenki lililotoboka wiki ya harusi. Na hata likinusurika hupiti mkono, tenki lenyewe ndilo ukuta wako.

Taa za nyuma nazo usihangaike nazo, kuna watu watakuja kukuambia ufungue taa utoe ile nzima upitishe waya, kwenye hii gari taa zimefungwa kwa nati kutoka ndani ya buti. Na mtaimbo ndio kabisa sahau. Mfuniko wa buti ukipinda hata kidogo raba haikai tena, mvua inaingia inakaa kwenye shimo la tairi ya spea, na hapo ndipo W123 zinapoozea. Nimeona magari mazuri sana yaliyokufa kwa sababu ya maji ya buti.

Habari njema ni kwamba gari lako linaweza kufunguka lenyewe, na kila kinachohitajika unacho kwa sababu una ufunguo wa kuliwashia. Lakini nijibu kwanza mambo matatu. La kwanza, tazama tundu la ufunguo kwenye kitasa cha buti, mstari umesimama wima au umelala? La pili, kile kimlango cha kujazia mafuta kinajifunga ukifunga mlango wa dereva au huwa kiko wazi siku zote? La tatu, ukizima gari injini inakata papo hapo au inaendelea kuunguruma kidogo?

BintiMchaga:
Fundi mbona unamuuliza injini na shida yake ni buti? Nauliza kwa nia ya kujifunza maana na sisi nyumbani tuna 200D imelala.

FundiDizeli_Tanga:
Swali zuri dada. Hizi gari senta loki yake haitumii umeme, inatumia vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya. Mbele ya injini ya dizeli kuna pampu ya vakyumu, kazi yake kubwa ni kusaidia breki, lakini kwenye mpira mkubwa wa breki wamechepusha mirija midogo, mmoja unaenda kwenye mfumo wa kuzimia injini na mwingine unaenda kwenye vitasa. Dizeli haina plagi za kukata umeme ukazima, hizi za Benzi zinazimwa kwa vakyumu, ukizungusha ufunguo vakyumu inafika kwenye pampu ya dizeli inafunga mafuta. Kwa hiyo vitasa vikivuja, injini nayo inakataa kuzima. Watu wengi wanabadilisha vitu kwenye injini mwezi mzima kumbe tatizo ni kiraba kilichopasuka ndani ya mlango. Ndio maana nikauliza.

MrithiWa240D:
Fundi asante sana, nimemzuia jamaa na grinda yake. Nimekwenda kuangalia na tochi. Tundu la ufunguo kwenye buti limesimama wima. Kimlango cha mafuta kimefungwa na chenyewe hakifunguki, ndio nimegundua sasa hivi. Na injini kweli, ukizima inaendelea kidogo kisha ndio inakata, tulidhani ni uzee wa injini.

FundiDizeli_Tanga:
Basi shukuru Mungu, hapo umepona. Tundu likiwa wima maana yake buti limefungwa na senta loki tu, likifunguliwa na vakyumu linafunguka. Lingekuwa limelala ingemaanisha mtu alilifunga kwa ufunguo peke yake, na hapo hata ukifungua milango yote buti linabaki limefungwa, ndivyo lilivyotengenezwa ili ukimwachia mtu gari na ule ufunguo mdogo asiweze kuingia kwenye buti wala droo. Na kimlango cha mafuta kufungwa ni ushahidi kwamba gari lako lina senta loki ya kiwandani, maana W123 nyingine zilikuja bila hiyo, na kwamba nyuma kote bado kumebaki kwenye hali ya kufungwa. Mlifungua milango kwa mikono lakini vakyumu ya kufungua haikufika huko nyuma.

Kesho asubuhi fanya hivi. Washa gari na huo ufunguo wa pili, liache lingurume dakika chache, kisha mtu mmoja akae kwenye kanyagio la mafuta aongeze mwendo wa injini kidogo, wewe kwenye mlango wa dereva sukuma pini ya kufungia mlango chini halafu inyanyue, pole pole, kila upande ushikilie kidogo upe nafasi ya kunyonya. Huo mlango wa dereva ndio wenye swichi kuu ya vakyumu. Mtu wa tatu asimame nyuma akibonyeza kitufe cha kitasa cha buti kila unaponyanyua pini. Wakati mwingine pampu inashinda uvujaji na linafunguka hapo hapo.

Likigoma usivunjike moyo, njia ya pili ni ya uhakika zaidi. Inabidi ulipelekee buti vakyumu lake peke yake bila kupitia milango inayovuja. Toa bati dogo la kizingiti upande wa dereva, nyanyua zulia pembeni pole pole maana limekaa miaka 40 na kitu, utakuta mirija myembamba ya plastiki inakwenda nyuma imeunganishwa kwa viungo vya raba. Usipoiona vizuri hapo nyanyua kikalio cha siti ya nyuma, kuna vishikio viwili kwa mbele chini, unavisukuma kikalio kinanyanyuka. Mirija inakwenda miwili miwili, mmoja ni wa kufunga mwingine ni wa kufungua. Chomoa ile inayoelekea buti, chukua pampu ya mkono ya vakyumu, ile ambayo mafundi wanatolea upepo kwenye breki, chomeka kwenye mmoja wapo uvute. Ukivuta na geji ikakaa palepale isirudi, basi njia hiyo ni nzima, ukisikia tak huko nyuma bonyeza kitufe. Kama umesikia tak na bado limefunga, umevuta mrija wa kufunga, hamia wa pili. Weka alama ya selotepu kabla ya kuchomoa chochote, hii ni muhimu kuliko yote niliyosema, ukichanganya mirija utapata gari linalojifunga ukifungua.

AbuSalim_Muscat:
Assalam alaikum ndugu zangu. Hapa Muscat W123 bado tunazienzi sana, na joto la huku linamaliza raba kabla ya chuma. Fundi wa Tanga amesema yote ya maana, mie naongeza kitu kimoja kwa sababu najua si kila mahali utapata hiyo pampu ya mkono. Nenda duka la dawa za mifugo ununue bomba la sindano kubwa kabisa, lile la mililita 50 au 60, na kipande cha mpira wa dripu. Mpira wa dripu unashika vizuri kwenye ile mirija myembamba. Vuta bomba, ubane mpira kwa vidole usiache hewa irudi, chomoa bomba, lisukume mpaka mwisho, lirudishe, vuta tena. Pole pole vakyumu inajengeka. Si haraka kama pampu lakini kwa buti peke yake inatosha, kile kifaa cha buti kinachovutwa na vakyumu hakihitaji hewa nyingi.

Na wallahi ndugu yangu usimruhusu mtu kuvuta kwa mdomo, humo ndani ya mirija ya zamani kuna mafuta ya injini yaliyovutwa kutoka kwenye pampu.

Kijana_wa_Ilala:
Nashukuru fundi kwa kunisahihisha, hiyo ya tenki sikuijua kabisa na mtu angeweza kuumia. Mkuu wa Moshi achana na ushauri wangu.

FunguoMaster:
Mimi nachonga funguo hapa Dar, Gerezani, naongezea upande wangu kwa wengine watakaosoma. Kama vakyumu imeshindikana au tundu limelala, bado hufiki kwenye mtaimbo. Kitasa cha buti cha hizi gari kina vibati ndani, fundi mwenye mkono mzuri anaweza kukichezea kikageuka bila kukitoboa, ila inataka subira na kitasa kilichokaa na vumbi miaka mingi kinagoma, kipulizie mafuta mepesi kwanza ukiache. Njia nyingine ni kwenda kwa wakala wa Mercedes na namba ya chasisi na kadi ya gari na kitambulisho, ufunguo unaagizwa kiwandani umechongwa tayari kwa namba ya gari lako, hawahitaji kuliona gari. Tatizo ni muda, kwa Jumamosi hauwezi kufika. Lakini baada ya harusi nakushauri uagize hata kama utakuwa umezipata za zamani, gari la thamani hiyo kubaki na ufunguo mkuu mmoja sio sawa.

Na tafadhali fundi yeyote atakayekuja muonyeshe kadi ya gari hata kabla hajauliza. Mimi mtu asiponionyesha sifungui, iwe usiku iwe mvua.

BintiMchaga:
Namba ya chasisi inapatikana wapi? Kadi yetu imechakaa haisomeki vizuri.

FunguoMaster:
Fungua boneti dada, imegongwa kwenye bati la ukuta kati ya injini na dashibodi, sugua na kitambaa chenye mafuta ya taa itaonekana. Kwenye gari lako tafuta 123 kati ya zile namba, ndiyo aina ya bodi.

MamaTwins_Minnesota:
Mimi sina gari la zamani ila nasoma uzi huu kwa makini kwa sababu nyingine. Kama kilichofungiwa kwenye buti ni mtoto na sio mkoba, tafadhali msikae mnatafuta sindano, vunjeni. Huku Marekani ilibidi iwe sheria, magari yote yenye buti yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2001 lazima yawe na kishikio ndani ya buti kinachong'aa gizani ili aliye ndani avute atoke, na ilikuja hivyo baada ya watoto kufa kwa joto humo. Magari ya zamani hayana hicho kitu. Watoto wanapenda sana kujificha kwenye buti, na siku za harusi nyumba imejaa watoto.

FundiDizeli_Tanga:
Dada umesema neno kubwa sana. Ikiwa kuna roho humo ndani hakuna cha raba wala rangi ya kiwandani, gari litatengenezwa. Ila kwa W123 hata hapo usipite nyuma ya siti kwa sababu ya tenki, ni mtaimbo pale kwenye kitasa na sio grinda.

MrithiWa240D:
Wakuu LIMEFUNGUKA. Nimetulia sasa niwaeleze vizuri.

Asubuhi tulianza na njia ya kwanza, gari linanguruma, nanyanyua pini, mdogo wangu nyuma anabonyeza, haikuleta kitu, ila kimlango cha mafuta kilifunguka chenyewe, nikajua nguvu inafika nusu njia. Tukaenda kwenye zulia. Upande wa dereva mirija ipo ila viungo vya raba vimekuwa vigumu kama plastiki, kimoja kilikatika mkononi nilipokigusa. Pampu ya mkono sikupata mjini, nikafuata ushauri wa Abu Salim, duka la mifugo lile karibu na stendi wanayo mabomba ya mililita 60, mpira wa dripu nikapewa na jirani ambaye ni nesi. Mrija wa kwanza nilivuta ukawa hauna mwisho, hewa tu inakuja, kumbe ni wa mlango wa nyuma kushoto. Mrija uliofuata ukashika, bomba linarudi lenyewe ukiliachia. Tukasikia tak ndani ya buti, mdogo wangu akabonyeza, mfuniko ukanyanyuka kama siku zote. Mama alilia. Mkoba upo, funguo zipo, na bodi haina hata mkwaruzo.

Fundi niliyemzuia na grinda alikuwepo, akaomba nimwonyeshe tenki liko wapi. Tulinyanyua zulia la ndani ya buti kwa mbele akaliona kwa macho yake, akashukuru sana, amesema kuna nyingine ya mteja wake alikuwa aikate wiki ijayo kwa shida kama hii.

Sasa swali langu la mwisho kwa fundi, mpaka Jumamosi niifanye nini hii mirija? Sitaki buti lijifunge tena na sitaki gari lisizime mbele ya kanisa.

FundiDizeli_Tanga:
Alhamdulillah, umenifurahisha sana mkuu, na hongera kwa subira.

Kwa Jumamosi usijaribu kutengeneza senta loki yote, huna muda. Ule mrija mkuu unaotoka injini kuja kwenye vitasa uzibe kabisa, chomeka skrubu laini au mfuniko wa kalamu unaobana vizuri, kisha ubane na kipande cha mpira. Ziba huo mwembamba tu, mpira mnene wa breki usiuguse hata kidogo, breki zako zinautegemea. Ukishaziba, injini itaanza kuzima papo hapo kama zamani kwa sababu uvujaji wa milango hauinyonyi tena, na kama haijazima ujue kuna uvujaji mwingine kwenye swichi ya ufunguo au kwenye kifaa cha kuzimia. Kwa dharura kuna mkono mwekundu umeandikwa STOP juu ya injini, fungua boneti uusukume, inakata. Mfundishe atakayeendesha siku hiyo.

Buti sasa liko kwenye hali ya wazi na bila vakyumu halitajifunga, litakuwa la kubonyeza tu. Ukitaka lifungwe utatumia ufunguo mkubwa kulaza tundu.

Baada ya harusi ndio uingie kwenye milango. Ule wa nyuma kushoto kiraba cha ndani ya kifaa chake kimepasuka, kile hakishonwi wala hakigandishwi na gundi, kinabadilishwa kifaa kizima. Usinunue kilichotolewa kwenye gari bovu bila kukipima na lile bomba lako, vuta hewa, ziba, hesabu mpaka sitini, kikishika kichukue. Viungo vya raba badilisha vyote kwa pamoja hata vinavyoonekana vizima, vina umri mmoja.

Peugeot504_Forever:
Wakuu nimefuata uzi wote. Je hii ya sindano inaweza kunisaidia? Mimi nina W123 nyingine ya petroli, 200 ya 1984, pamoja na Peugeot 504 yangu, na kwenye hiyo Benzi tundu la buti limelala na ufunguo mkuu haupo kabisa tangu niinunue.

FundiDizeli_Tanga:
Hapana ndugu, kwako sindano haitafanya kitu, tundu likilala kitasa kimejitenga na vakyumu. Wewe ni wa FunguoMaster, peleka kadi uagize ufunguo kwa namba ya chasisi maana huna haraka, usubiri. Wakati unasubiri puliza mafuta mepesi kwenye tundu kila baada ya siku chache, ufunguo mpya ukija usiulazimishe, uingize na kuutoa mara nyingi kwanza ndio ugeuze. Kutoboa kitasa iwe ya mwisho kabisa, na mtoboaji atoboe katikati ya silinda tu asiguse mfuniko.

FunguoMaster:
Na ukiuagiza omba mbili.